Aliyeosha Shubiri: Maisha ya Mama Yetu Modester Kapinga

Padre wetu, Shehe Bakar, wazee wa Tibirinzi, ndugu mliovuka maji kutoka Bara na majirani nyote: Tumsifu Yesu Kristo, na Assalaam alaykum. Mimi ni Linus Abraham Ndunguru, mtoto wa kwanza wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya mama yetu mbele ya jeneza lake, na nitayasoma, ila mniwie radhi mapema kwamba nayasoma nikiwa na kinyaa. Si kinyaa cha kifo. Tangu juzi kamati ya mazishi imekaa barazani kwetu ikibishana kama mama aliacha watoto wawili au watatu. Katika ratiba mliyoshika mkononi wamechapa wawili, na chini yao wameandika "na jirani mwema, Ndugu Hamdan Shaame". Jirani mwema! Nilipoyaona maneno hayo nilitaka kutema mate palepale. Nimewaambia karatasi yao siisomi, nasoma ya kwangu, na atakayechoka kusimama akae chini.

Marehemu Modester Kapinga alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 katika kijiji kimoja karibu na Mbinga, mkoani Ruvuma, akiwa mtoto wa tano wa Mzee Daniel Kapinga na Mama Generosa, wakulima wa kahawa. Alisoma shule ya msingi hukohuko kijijini na kumaliza darasa la saba mwaka 1975. Baadaye masista walimfundisha ushonaji. Mwenyewe alikuwa akisema cherehani ilimshinda kwa sababu ni chombo cha watu wapole, na yeye hasira zake zilikuwa zikikata uzi. Waliomjua hawatabisha.

Tarehe 20 Novemba 1982 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Abraham Ndunguru, dereva wa magari ya ujenzi wa barabara. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata baba alihamishiwa Pemba. Mama alishuka bandarini Mkoani akiwa ametapika njia nzima, kanga imelowa, na neno lake la kwanza kisiwani lilikuwa "Sirudi tena humo." Na kweli, kurudi kwao alirudi mara mbili tu, zote kwa misiba. Walipanga chumba Tibirinzi, katika nyumba ya bibi mmoja mjane, Bi Mjaka. Ukuta mmoja ulikuwa ukiwatenganisha na mwanawe Bi Mjaka, Mzee Shaame, na mkewe, Bi Mwanakhamis, ambaye namuona pale amekaa na kina mama. Shikamoo, Mama.

Kazi ya marehemu ilikuwa kufuga kuku na kuuza mayai, lakini nyote mlimjua kwa kazi nyingine. Nyuma ya nyumba, Bi Mjaka alikuwa na ua mzima wa shubiri, na alipoona huyu mgeni wake ni mtu wa kuuliza akamfundisha. Majani hukatwa shinani, huegemezwa kwenye bakuli kichwa chini, yakavuja utomvu wa manjano. Utomvu huo huchemshwa kwa moto mdogo mpaka uwe mweusi na mzito kama lami. Siku za kuchemsha, nyumba yetu ilinuka kwapa la mbeba magunia. Sisemi kwa kumdharau mama, ndivyo ilivyokuwa, hata paka alihama. Na uchungu wake! Ukiugusa kwa ulimi asubuhi, chai ya jioni bado chungu. Mpaka leo, na utu uzima huu, nikiona jani la shubiri mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Mwenye minyoo alipewa kiasi cha ncha ya kijiko katika maji. Mwenye homa vilevile, na wengine wetu tulipona kwa kuiogopa dozi ya pili. Aliyeungua moto alipakwa ule ute wa ndani ya jani, si utomvu. Mtoto mwenye kunyonya kidole alipakwa kidole. Kuku wakianza kusinzia kwa mdondo walitiliwa katika maji yao, na naapa, hata kuku walikuwa wakikunja uso. Mwanamke mwenye mimba hakupewa hata alie machozi ya damu. Watu walikuja kutoka Wingwi mpaka Shumba kufuata shubiri ya "yule Mnyamwezi wa Tibirinzi", na mama alichoka kuwaambia kwamba yeye si Mnyamwezi, ni Mmatengo. Akawaacha.

Lakini kubwa kuliko yote, shubiri ilikuwa dawa ya kumwachisha mtoto ziwa. Padre anisamehe, yale yatakayofuata yana maziwa na matiti ndani yake, na bila hayo maisha ya mama yangu hayasomeki.

Mwaka 1986 mimi nilikuwa na miaka miwili na ushei. Natembea, natukana, natumwa chumvi dukani, na bado nanyonya. Mama alichoka, Bi Mjaka akampa shubiri. Akajipaka, akaniita kwa sauti tamu kabisa, "Linus, njoo baba." Nikaenda mbio mimi masikini. Wanasema nililia hata watu wa mtaa wa pili wakauliza nani kafiwa.

Wiki hiyohiyo Bi Mwanakhamis alishikwa na tumbo, akapelekwa Unguja kupasuliwa, akamwacha kitoto chake cha miezi mitatu kwa bibi yake, Bi Mjaka. Kitoto hicho ndicho Hamdan. Asubuhi moja Hamdan analia barazani, wanawake wamejaa, kila mmoja ana dawa yake ya mdomo. Mama yangu moyo ukamruka. Akamchukua, akamweka ziwani, akasahau kabisa kwamba amejipaka. Hamdan akavuta, akatetemeka, akakunja uso kama mzee aliyeuziwa samaki aliyeoza, halafu akatapika yote juu ya kanga mpya ya Bi Mjaka. Wanawake walicheka mpaka wengine wakajishika mbavu. Tangu siku hiyo ikawa hadithi ya Tibirinzi. Kila harusi, kila arobaini, lazima atoke mtu aisimulie: mtoto wa Mwanakhamis alivyopewa shubiri na Modester. Hamdan mwenyewe alikua akiitwa "Shubiri" na watoto wenzake.

Hiyo ndiyo nusu mliyokuwa mkiijua. Nusu ya pili waliijua watu wawili.

Alasiri ya siku ileile Bi Mjaka aliingia kwetu kwa mlango wa jikoni, mtoto kamfunika upande wa kanga. Maziwa ya kopo mtoto hayataki, ya ng'ombe yanapita tu tumboni, na macho yameanza kuingia ndani. Akamwambia mama, "Modester mwanangu, n'nakwomba. Ukajikoshe. Mtoto ananifia huyu." Mama akamuuliza, "Na Shaame?" Maana Mzee Shaame alikuwa ameapa kwamba mwanawe hatonyonyeshwa na mwanamke wa kuja. Bi Mjaka akasema, "Shaame mwachie miye. Ila usimwambie mtu mpaka mwenyewe n'seme."

Shubiri haitoki kwa maji. Mama alijipaka mafuta ya nazi, akajisugua kwa majivu, ikaja sabuni, akarudia mafuta, mpaka ngozi ikawaka. Kisha akamnyonyesha Hamdan. Akamnyonyesha siku zote mama yake alizokuwa Unguja, kutwa mara kadhaa, pale jikoni, mlango umefungwa. Na mimi, mwenye maziwa yangu, nimewekwa uani na shubiri yangu mdomoni! Nilipokuja kuambiwa nikamuuliza mama: mimi nikapakiwa, yeye akaoshewa? Akanijibu, "Wewe ulikuwa unakula ugali."

Bi Mwanakhamis alirudi salama. Bi Mjaka alikuwa akingoja siku nzuri ya kumwambia mwanawe, na siku nzuri kwa Mzee Shaame zilikuwa adimu. Mwaka 1999 Bi Mjaka akafariki ghafla, hajasema. Mama yangu akabaki na ahadi ya maiti.

Mdogo wangu Beata alizaliwa mwaka 1989. Yeye na Hamdan walikua wakisalimiana ukutani kama majirani, hapakuwa na zaidi. Mapenzi yalianzia Unguja, Beata akisomea ualimu na Hamdan akijifunza ufundi wa pikipiki. Baba alikuwa ameshafariki, mwaka 2009. Agosti 2013 Beata akamwambia mama kuna watu watakuja kuleta posa, ila hakumwambia wa nani, alitaka amfurahishe. Mama akachinjisha kuku wanne. Mlango ulipobishwa hodi akaingia Shehe Bakar, nyuma yake Mzee Shaame, nyuma yake Hamdan amevaa kanzu mpya.

Mimi nilikuwepo. Niliuona uso wa mama ukibadilika nikadhani ni mambo ya dini. Shehe alipomaliza maneno yake mazuri, mama alisema, "Shehe, ndoa hiyi haiwezekani. Hamdan nimemnyonyesha."

Watu wakacheka! Mzee mmoja akasema, "Bi Modester, hiyo ya shubiri sote tunaijua." Mama akaeleza yote, jikoni, sabuni, ahadi. Kicheko kikakatika. Na hapo ndipo kilipoanza hiki kinyaa changu ambacho hakijaisha mpaka leo. Mjomba wetu, aliyekuja kutoka Mbinga kupokea posa, alimvuta mama pembeni akamwambia kwa sauti tuliyoisikia sote: "We Modester una wazimu? Hiyo sheria yao ya ndugu wa ziwa, haikuhusu. Wenyewe wanasema mtoto alitapika. Nyamaza watoto waoane." Na upande wa pili kulikuwa na mtu mzima, ndevu zake nyeupe, naye akimnong'oneza Shehe kwamba neno la mwanamke mmoja, tena Mkristo, si neno. Pande mbili, dini mbili, na wote wanamwomba mwanamke mmoja aseme uongo ili shughuli isiharibike.

Mama akawajibu, "Sheria hainihusu. Maziwa yalikuwa yangu."

Shehe Bakar, nakushukuru mbele ya watu. Hukumjali aliyekunong'oneza. Ulimuuliza swali moja tu: "Alikuwa akishiba?" Mama akasema, "Akishiba mpaka akicheua begani kwangu." Shehe akafunga kitabu chake akasema, "Basi hawa ni ndugu." Beata akatoka nje. Mzee Shaame akasimama akasema, "Njia ya mwongo fupi," akatema mate kizingitini kwetu akaondoka. Mungu amrehemu, ameshatangulia. Kuku wanne wakabaki mezani na nzi.

Mliyoyasema baada ya pale nayajua yote, yakhe, msitazamane. Waislamu wengine mlisema kazua, hataki mkwe Muislamu. Wakristo wenzetu mlisema mabaya zaidi: kamnyima mwanawe ndoa kwa sheria ya watu. Wengine mkasema kwani alitaka nini na mtoto wa wenyewe, bila shaka kulikuwa na lake na baba mtu. Ptu! Nasema ptu mbele ya Padre. Mwanamke kamwokoa mtoto asife, mkaipika habari yake mpaka ikanuka kuliko shubiri. Mayai yake yakaoza kwa kukosa wanunuzi. Na wenye watoto wa kuachisha ziwa walikuja vilevile, wamejitanda mpaka puani, wanachukua dawa, hawaamkii.

Beata aliondoka kisiwani. Alipata kazi ya ualimu Tanga, akaolewa huko mwaka 2017 na shemeji yetu Jabir Mhando, Mkristo wa Muheza msishangae jina, na mama hakualikwa. Nilimpelekea picha katika simu. Aliitazama, akasema gauni limembana mabegani, akaenda kulisha kuku. Sikuwahi kumsikia akijuta. Nilimsikia akilia, hilo ndiyo.

Aliyevunja ukimya alikuwa Bi Mwanakhamis. Alikuja mwenyewe, kwa mlango uleule wa jikoni, akauliza, "Kweli, Modester?" Mama akasema, "Kweli." "Mbona hukunambia?" "Niliahidi." Bi Mwanakhamis akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akalia. Kisha akaenda nyumbani akamwambia mwanawe, "Inuka, nenda kamwamkie mama yako." Hamdan alikuja amenuna. Alisimama mlangoni akasema "Shikamoo, Mama" kama mtu anayemeza shubiri. Mama akamwambia, "Marahaba. Kuna jogoo wa kuchinja pale." Tangu siku hiyo majogoo wetu wote walichinjwa na Hamdan. Alikuja kuoa mke mwema, Bi Nahla, na siku ya harusi yake mama yangu alikaa upande wa mama wa bwana harusi. Waliotaka kununa walinuna.

Mwaka 2021 mama alibainika kuwa na kisukari. Mwaka jana kikatokea kidonda mguuni, kwanza kidogo kama punje ya karafuu. Watu wakamwambia tia shubiri. Yeye mwenyewe aliyeifanyia kazi maisha yake yote akasema hapana: "Shubiri ni ya kidonda cha jiko. Hiki ni cha hospitali." Alikwenda hospitali, akafuata dawa, vidole viwili vikakatwa, kidonda hakikufunga.

Kilinuka. Mama alikataza mambo kufunikwa, kwa hiyo sikifuniki. Mimi kazi yangu ya meli ilikuwa ikiniweka huku wiki moja, kule wiki mbili, na ndugu tuliowaita waje kukaa naye walikuja, wakakaa siku mbili, wakakumbuka mashamba yao. Wageni waliketi mlangoni, mtandio puani. Mmoja, na yupo hapa, alimletea mama manukato ya kupuliza chooni, akayapulizia hewani mama akiwa amelala palepale. Mama akakohoa, akasema, "Asante, sasa nanuka maua yaliyokufa."

Hamdan alikuja kila siku baada ya kufunga gereji. Alinawa mikono yake ile yenye grisi, akachemsha maji, akafungua bendeji, akakiosha kidonda alivyoelekezwa na manesi. Alimbeba mama mikononi kumpeleka msalani. Na hapo mkapata tena la kusema: mwanamume wa Kiislamu anamshikaje mwanamke asiye maharimu wake? Walikwenda mpaka kwa Shehe Bakar kushitaki. Shehe akawajibu, "Mama wa ziwa ni mama. Mwacheni amuuguze mama yake, na nyie nendeni mkauguze wenu." Nadhani hawakupenda.

Aprili mwaka huu Beata alirudi. Sikumwita mimi, Hamdan ndiye aliyempigia simu. Aliingia akamkuta amepiga magoti, mguu wa mama uko mapajani mwake, bakuli la maji machafu pembeni. Beata alisimama pale, mkoba bado begani. Kisha Beata akasema, "Kaka Hamdan, nipe hilo bakuli nikamwage." Mama akageukia ukutani. Kuanzia siku hiyo walimuuguza kwa zamu, na Beata hajaondoka mpaka leo.

Marehemu alipokea sakramenti zote za wagonjwa, na aliaga dunia nyumbani kwake Tibirinzi, Jumatano tarehe 3 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Beata alikuwa ameshika mkono mmoja, Hamdan mwingine. Mimi nilikuwa bandarini Tanga, nikapata habari kwa simu.

Sasa kamati. Mliniambia jina la Hamdan lisichapwe kati ya watoto kwa kuwa wageni wa Bara watadhani mama alizaa nje ya ndoa. Wengine mkasema jina la Muislamu halikai vizuri katika ratiba ya kanisa, na nasikia kuna jamaa zake Hamdan nao waliokuja kusema jina lao lisitiwe humo. Mara ya kwanza tangu nizaliwe nawaona mkikubaliana. Mama yangu alitakiwa aseme uongo mmoja, mdogo, wa kumfurahisha kila mtu, na angepata harusi, mkwe, wajukuu wa karibu na mayai yake yangenunuliwa. Hakusema. Akalipa kwa mwanawe. Leo mnataka mimi nimsemee uongo huo juu ya jeneza lake, kisha twende tukale pilau? Mimi siwezi.

Marehemu Modester Kapinga ameacha watoto watatu. Wa kwanza ni mimi, Linus. Wa pili ni Hamdan Shaame. Wa tatu ni Beata. Ameacha wakwe, Jabir na Nahla na mke wangu Ummi, wajukuu wanane, dada yake mmoja aliye Mbinga ambaye umri haukumruhusu kusafiri, na Bi Mwanakhamis, mama mwenzake.

Hamdan, toka huko nyuma walikokusimamisha na majirani wema. Taratibu za kuomba kwetu utuachie sisi, zako utaomba kwako, lakini udongo ni udongo. Njoo, ndugu yangu, ushike koleo pamoja nasi.

Apumzike kwa amani mama yetu. Wanawe wote tupo.